Kabla hujamwambia bibi "hujui simu": uzi wa mwingiliano wa mtu na kompyuta

WakalaChuno (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Mtwara mjini, Chuno, mwaka wa saba huu. Kabla ya hapo nilisoma diploma ya kompyuta, na kulikuwa na somo moja nililolifaulu kwa kukariri tu: mwingiliano wa mtu na kompyuta. Nililiona la kujazia ratiba, maana hatukuandika programu hata moja. Leo ndilo somo pekee la chuo ninalolifikiria kila siku nikiwa kibandani. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Msimu uliopita wa korosho, wiki ambayo hela za mnada zilikuwa zimeanza kuingia, alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Nanguruwe. Ana kitochi chake kimefungwa kwa mpira ili betri isichomoke. Alitaka kumrushia mjukuu wake aliyeko Masasi laki mbili za shule. Hakutaka nimsaidie, na alikuwa sahihi, namba ya siri ni yake. Akabonyeza mwenyewe hatua zote, taratibu, bila kukosea hata moja. Mwisho kioo kikaandika: "Ombi lako limepokelewa." Akasubiri. Meseji haiji. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzito. Akarudia. Baadaye meseji zikaingia mbili kwa mpigo, na hela ilikuwa imekwenda mara mbili.

Kijana mmoja kwenye foleni akasema, "Bibi hujui simu, uwe unampa mtu akufanyie." Bibi akanigeukia mimi, si yeye. Akaniuliza: "Mwanangu, iliniambia imepokelewa. Imepokelewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Mjukuu alizirudisha siku ya pili, lakini makato yalikuwa yameshaliwa, na zile za pili zilikuwa za vibarua wa palizi. Swali lake ndilo lililonirudisha kwenye daftari langu la chuo.

Elimu hii haikuanzia kwenye kompyuta. Ina mzizi mmoja kwenye ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani waliokuwa wanarusha B-17 walikuwa wakitua salama, halafu ndege ikiwa tayari iko chini wanakunja magurudumu. Ndege inalalia tumbo. Ripoti zikawa zinaandika "kosa la rubani". Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaenda kuangalia ndani ya chumba cha rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kupunguzia mwendo zimekaa jirani, zinafanana kama pacha. Mtu amechoka, ametoka vitani, mkono unatafuta kimoja unakamata kingine. Dawa yake ilikuwa ndogo sana: kwenye mpini wa magurudumu kikawekwa kigurudumu cha mpira, na kwenye ule wa vibawa umbo la kabari. Mkono ukigusa unajua, hata gizani.

Hapo ndipo somo linaposimama. Watu wengi wakikosea mahali pale pale, kachunguze mahali pale.

Miaka ya 1980 Don Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, alilieleza jambo hili kwa mapengo mawili, na mimi ndivyo ninavyolishika hadi leo. Pengo la kwanza: mtu anajua anachotaka ila hajui afanyeje. Pengo la pili: ameshafanya, ila hajui imekuwaje. Kiolesura, yaani ule uso wa mashine tunaougusa na kuusoma, iwe ni kioo, batani, menyu au sauti, kazi yake ni kuziba mapengo hayo mawili. Bibi alilivuka la kwanza peke yake. Akatumbukia la pili, na hakuna aliyekuwa amemwekea daraja.

Karibuni.

MakondeHalisi_Newala

Mkuu nakuheshimu, lakini hapa unatetea uzembe. Tatizo letu ni elimu. Bodaboda wangapi hapa Newala walikuwa hawajui hata klachi? Wamejifunza. Mama yangu mzazi nimemnunulia simu mwaka wa tatu, kila akitaka kutuma hela ananipigia mimi niko shambani. Tusilaumu mitambo. Watu wafundishwe.

WakalaChuno

Mkuu, kufundishwa kunasaidia, sibishi. Ila nikuulize: waliosomea wakikosea vile vile, tutasema nini?

Tarehe 28 Machi 1979, kituo cha nyuklia cha Three Mile Island kule Pennsylvania. Vali moja ilitakiwa ijifunge, ikakwama ikiwa wazi, maji ya kupozea yakawa yanatoka. Kwenye ubao wa mitambo kulikuwa na taa. Taa ikazimika, mafundi wakaamini vali imefungwa. Kumbe taa ile haikuwa inaonyesha hali ya vali. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Zaidi ya saa mbili watu waliosomea kazi ile walikuwa wanafanya uamuzi kwa kuamini taa, na sehemu ya kinu ikayeyuka. Ajali ilikuwa na sababu nyingi, lakini taa ile imeingia kwenye mafunzo ya fani hii duniani kote.

Sasa rudi kwenye kitochi cha bibi. "Ombi lako limepokelewa" ni taa ile ile. Inasema amri imetumwa, haisemi hela imefika. Fundi wa nyuklia na mkulima wa Nanguruwe wamedanganywa na sentensi ya aina moja.

Ingetosha kioo kiandike: "Hela bado haijafika. Usirudie. Utapata meseji." Ujumbe wa menyu hizi za nyota na reli una nafasi ya herufi 182 hivi kwa mkupuo. Sentensi hiyo inaenea na nafasi inabaki.

Halafu na hili la muda. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, anafundisha mipaka mitatu. Jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anaona ni mkono wake mwenyewe umefanya. Likifika sekunde 1, anaanza kuhisi kusubiri ila mawazo hayajakatika. Ikizidi sekunde 10, akili imeshahama, na lazima umwambie kinachoendelea. Sisi huku mtandao ukiwa mzito sekunde 10 ni jambo la kawaida. Basi mifumo yetu ndiyo iliyotakiwa kuwa hodari kuliko ya wengine kwenye kusema "ngoja, bado".

FundiSimu_Masasi

Uzi wa maana huu. Mimi niongezee ya mezani kwangu.

Mama zetu wanaobangua korosho kwa mkono. Mnajua mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi. Vidole vinakuwa vyeusi, vigumu, alama zimefutika. Anakuja na simu ya kupangusa, analalamika kioo kibovu. Nagusa mimi, kinafanya kazi. Agusa yeye, kimya, au kinaruka herufi. Na wengi walihangaika sana ulipokuja usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019, kidole kinawekwa mara tano mashine inakataa. Mama wa watu anaambiwa "osha mikono". Ameosha sana!

Na vile vibatani vidogo vya kufunga matangazo, ka-alama ka X pembeni kabisa. Hata mimi nakakosa.

WakalaChuno

Fundi, umegusa penyewe. Tuanze na hivyo vibatani.

Mwaka 1954 Paul Fitts alipima muda ambao mkono unatumia kufikia shabaha. Akaonyesha kwamba muda unaongezeka shabaha ikiwa mbali, na unaongezeka pia ikiwa ndogo. Unaweza kusema hata mtoto anayetungua maembe analijua hilo, ila yeye alilitolea hesabu, na hesabu ile mwaka 1978 ikatumika kupima kipanya cha kompyuta na kuonyesha kwamba kinakaribia mwendo wa mkono mtupu. Ndiyo maana leo Android inashauri sehemu ya kugusa isipungue vipimo 48 vyao, kama milimita 9 kwenye kioo, na Apple wanasema 44 vya kwao. Anayeweka ka-X ka ukubwa wa punje ya mtama anaijua sheria ya Fitts vizuri sana. Anaitumia ili ukose, ugonge tangazo.

Na kwa kuwa umetaja mikono: kipanya cha kwanza, alichokibuni Douglas Engelbart na Bill English akakiunda miaka ya 1960, kilikuwa kipande cha mbao kilichochongwa, magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Engelbart alionyesha kipanya hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Kila nikifikiria hilo nawaona wachongaji wetu wa Kimakonde, jinsi wanavyogeuzageuza kipande cha mpingo wakisikiliza kiganja kabla ya kukata. Kifaa cha mkono huanza hivyo, kwa kiganja.

La alama za vidole ni zito. Aliyebuni mashine alijaribu vidole gani? Vidole vya ofisini. Mtu wa kubangua hakuwemo chumbani siku ya majaribio, ndiyo maana mashine haimtambui. Mfumo wowote wa kutambua mtu unapaswa uwe na mlango wa pili kwa ambaye wa kwanza umemkataa, na mlango huo usiwe wa kumfedhehesha.

BintiMikindani

Kaka shikamoo, asante kwa uzi. Mimi niko chuo mwaka wa pili na tunasoma hili somo sasa hivi. Naomba ugusie kumbukumbu, maana mwalimu anasema "saba kujumlisha au kutoa mbili" na sielewi inanisaidia nini.

WakalaChuno

Marahaba dada. Hiyo ni makala ya George Miller ya mwaka 1956. Alionyesha kwamba kichwa kinashika mafungu kama saba kwa muda mfupi. Watafiti wa baadaye wanasema ni machache zaidi, kama manne. Lakini neno la kulishika wewe si saba, ni *mafungu*.

Chukua tokeni ya LUKU. Tarakimu 20. Hakuna anayezishika zote. Lakini zikiandikwa nne nne zinakuwa mafungu matano, na utamsikia mtu anamsomea mwenzake aliye kwenye mita: "sifuri tatu moja nane... umeweka? Haya." Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, lakini nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, hizo huna haja ya kuzikariri, unazijua tayari. Kwa hiyo namba mbili zenye urefu sawa, moja ni nyepesi kichwani kuliko nyingine. Ukitengeneza fomu inayomlazimu mtu aandike tarakimu 20 kwenye kisanduku kimoja bila nafasi, umemnyang'anya mafungu yake.

Na jingine linalotoka hapo: kutambua ni rahisi kuliko kukumbuka. Ndiyo sababu menyu zilishinda amri za kuandika. Mashine ya Xerox Alto ya 1973, kisha Xerox Star ya 1981, kisha Macintosh ya 1984, zote zilimwekea mtu vitu mbele ya macho, achague. Wewe mwenyewe zihesabu siku moja namba za menyu unazozijua kwa kichwa, uone ni chache kiasi gani.

Zile kanuni kumi za Nielsen za 1994 utazipata kwenye vitini vyenu, sitazirudia. Ila ukiulizwa kwenye mtihani ipi ni ya kwanza, ni ile ya mfumo kumweleza mtumiaji hali yake. Tumekwisha kuisema.

NasikilizaLindi

Habari za usiku. Mimi sioni. Niko Lindi mjini, natumia simu kwa programu ya kusoma kioo kwa sauti. Nimesomewa uzi wote na simu yangu, kwa hiyo maandishi tu yanatosha, asanteni kwa kutoweka picha.

Nieleze mambo mawili. Kuna programu nikifungua, nikipitisha kidole nasikia: "kitufe, kitufe, kitufe, kitufe." Mtengenezaji ameweka vipicha bila kuviandikia jina. Kwenu kuna picha ya nyumba na picha ya bahasha. Kwangu vyote ni kitufe. Kuandika jina pale ni neno moja tu.

La pili ni menyu za nyota. Nazipenda kwa sababu ni maandishi matupu. Lakini inasomwa polepole, machaguo nane, na kabla sijafika la saba inajikata. Naanza upya. Siku nyingine naanza upya mara nne. Halafu simu ikiachwa kwenye sauti ya Kiingereza inasoma Kiswahili hadi unashindwa kujua imesema "tuma" au nini. Na hapo ni hela.

WakalaChuno

Ndugu yangu, nimesoma mara mbili. Huo muda wa kujikata uliwekwa na mtu anayesoma kwa macho. Ungekuwepo siku ya majaribio ungewaambia kwa dakika moja. Zana zenyewe zipo muda mrefu, VoiceOver, programu ya kusoma kioo, iliingia kwenye iPhone mwaka 2009 na Android wana TalkBack. Kinachokosekana ni mtengenezaji kufumba macho na kuitumia kazi yake mwenyewe kabla hajaitoa.

BintiMikindani, ukitafuta mada ya mradi wako wa mwisho, hii hapa.

Mkilwa_Masoko

Mleta uzi, umetupeleka zamani sana, ndege na nyuklia. Vipi ya sasa? Akili mnemba, miwani ya kuvaa, kompyuta za kwenye ubongo?

WakalaChuno

Ya miwani na ubongo nitapita haraka. Apple walitoa miwani ya Vision Pro Februari 2024, unachagua kwa kuangalia na kubana vidole viwili. Kampuni ya Neuralink waliweka kifaa kwenye ubongo wa mgonjwa wa kwanza Januari 2024, naye akasogeza kishale kwa kuwaza. Kwa aliyepooza hilo ni jambo kubwa mno na naliombea heri. Kwa foleni yangu ya Chuno bado.

Akili mnemba ndiyo inayofika mlangoni. Tangu ChatGPT, programu ya kuzungumza na akili mnemba, itoke Novemba 2022, kiolesura kinaanza kuwa mazungumzo. Huchagui tena moja, mbili, tatu. Unasema unachotaka. Na Kiswahili kimo: Google waliweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, na mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Waswahili wa kawaida wanaojitolea. Sauti za kusini zikiwa chache humo, mashine itamwelewa mtu wa Dar na kumkosa mtu wa Tandahimba. Nawasihi mchangie sauti zenu.

Lakini yarudisheni yale mapengo mawili. La kwanza, "nifanyeje?", linakaribia kuzibwa. Bibi atasema, "Mtumie mjukuu wangu laki mbili," kwa lugha yake, bila menyu. Naona kabisa siku hiyo inakuja na itamfurahisha. La pili, "imekuwaje?", linapanuka. Mjukuu yupi? Ana wajukuu tisa. Mashine ikijibu kwa Kiswahili fasaha na kwa kujiamini, "Sawa, nimetuma," bibi atajuaje? Menyu ikikosea inakosea wazi wazi. Mashine inayozungumza inaweza kukosea kwa upole, na sisi huku tumelelewa kumwamini anayezungumza kwa upole. Kwa hiyo irudishe maneno kabla ya kutenda: jina kamili, kiasi, namba nne za mwisho, kisha isubiri "ndiyo" ya bibi. Wanaotengeneza mambo haya Dar na kwingineko, kama mko humu, tafadhalini.

Na kuna upande wa giza unaokua. Mwaka 2010 Harry Brignull aliupa jina usanifu wa hila: batani ya "kubali" kubwa na ya kijani, ya "kataa" imefichwa kwa rangi ya kijivu, kujiunga hatua moja, kujitoa hatua nane. Programu za mikopo ya haraka zinazokuomba ruhusa ya majina yote kwenye simu yako kabla hujajua riba ni shilingi ngapi, ni huko huko. Kibandani nimewaona watu wanalia. Hapo hakuna aliyekosea kusoma. Pameandikwa ili pasisomeke.

MakondeHalisi_Newala

Nimekuwa kimya nasoma. Mkuu, umesema watu wawepo siku ya majaribio. Sisi huku tunafanyaje? Sina kompyuta.

WakalaChuno

Karatasi mkuu. Fani nzima inaanzia kwenye karatasi. Kata vikadi, kila kadi iwe kioo kimoja cha menyu, andika kwa mkono. Mpe mama kazi moja: "Mtumie shangazi elfu kumi." Yeye anagusa kwa kidole, wewe unabadilisha kadi. Sharti ni moja na ni gumu: usimsaidie. Usiseme "hapana mama, hapo chini". Nyamaza, angalia anapokwama, andika maneno yake. Nielsen anasema watu watano wanatosha kufichua kasoro nyingi, halafu unarekebisha na kujaribu tena na wengine.

Mimi nilifanya na wateja wangu watano jioni za Jumapili. Nilidhani watakwama kwenye namba ya siri. Walikwama kwenye neno "muamala".

MakondeHalisi_Newala

Narudi wakuu. Nimefanya leo baada ya chakula cha mchana, barazani, kadi sita.

Mama amekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Namba kaingiza, kiasi kaingiza. Kafika kadi ya mwisho, "1. Thibitisha 2. Ghairi". Akasimama. Nikauma ulimi kama ulivyosema. Akaitazama kadi muda mrefu, akasema: "Nithibitishe nini tena, kwani nimeshtakiwa?" Hakubonyeza. Akaiweka chini.

Miaka mitatu ananipigia shambani, na mimi namjibu kwa ukali. Ni kadi hii.

Nimechukua kadi nyingine nikaandika: "Unamtumia shangazi 10,000. 1. Ndiyo, tuma 2. Hapana, acha". Kagonga moja bila kuuliza, kaniuliza kadi inayofuata iko wapi.

Kesho nakwenda nazo kwa jirani.

WakalaChuno

Nenda na kadi zote mbili, ya zamani na mpya. Kwa nusu ya watu anza na ile ya zamani, kwa nusu anza na mpya, usije ukampa mtu jibu bila kujua. Na yale maneno ya mama kuhusu kushtakiwa yaandike kama alivyoyasema, usiyasafishe. Salamu zangu kwake, mwambie shikamoo.